Waridi litokalo kwenye dhahabu: kuzisoma vasi za kale za Kichina zenye maua

Geuza vasi ya kale ya Kichina kichwa chini na mara nyingi utakuta kitakoni herufi sita za buluu: Da Qing Qianlong nian zhi, yaani imetengenezwa enzi ya Qianlong wa Dola Kuu ya Qing. Qianlong alitawala kuanzia 1736 hadi 1795. Muuzaji hukuonyesha herufi hizo kwanza, kama mtu anayetoa kitambulisho mlangoni. Shida ni kwamba kitambulisho hicho kimeandikwa kwenye vyombo vingi mno ambavyo Qianlong hakuwahi kuviona, vingine vimetoka jokoni juzi tu. Anayetaka kuijua vasi aanze na maua, kitako kitasubiri. Rangi ya kila petali ina kemia yake, na kemia ina tarehe.

Kwanza tuelewane rangi hizo zimekaa wapi.

Kauri ya Jingdezhen, mji wa jimbo la Jiangxi kusini mwa China, huundwa kwa vitu viwili. Kimoja ni kaolini, udongo mweupe mgumu kuyeyuka, uliopata jina kutokana na kijiji cha Gaoling jirani na mji huo. Cha pili ni jiwe la kauri, linalotwangwa kwa nyundo zinazosukumwa na maji hadi liwe unga, likachujwa na kukaushwa kama matofali madogo. Motoni jiwe huyeyuka na kugandisha kila kitu, kaolini nayo husimamisha umbo lisilegee. Vasi mbichi hupakwa glezi, tope jepesi la jiwe hilohilo lililochanganywa na majivu ya chokaa, kisha huchomwa kufikia kiasi cha nyuzi 1,300 za Selsiasi. Inatoka nyeupe, imejivika ngozi ya kioo, na ukiigonga kwa ukucha inalia kama kengele ndogo.

Rangi zinazohimili moto huo ni chache. Kobalti inaweza, ndiyo maana buluu huchorwa chini ya glezi na kuchomwa pamoja na chombo. Wekundu wa shaba unaweza pia, ila ni mkaidi na huharibika upesi. Kauri ya Kichina iliyozoeleka pwani yetu, kwenye minara ya makaburi ya Kunduchi au zidaka za nyumba za Lamu, kwa sehemu kubwa ni ya buluu na nyeupe, au ya kijani ya seladoni iliyo ya zamani zaidi. Waridi, manjano na kijani cha majani vingeungua kabisa. Hivyo husubiri vasi iive, halafu huchorwa juu ya glezi kwa enameli na kuchomwa mara ya pili, safari hii kwa nyuzi 700 hadi 850 hivi.

Enameli hapa ni ndugu wa ile ya sahani na vikombe vya bati vya nyumbani: kioo kilichosagwa, kikayeyushwa juu ya kitu kingine. Tofauti ni kwamba kwenye bati kioo kimekaa juu ya chuma, na kwenye vasi kimekaa juu ya kioo kingine. Kinachokifanya kiyeyuke mapema ni madini ya risasi, ambayo yanaweza kufika karibu nusu ya uzito wa enameli. Moto ukipungua, rangi hubaki na ukakasi na hubanduka. Ukizidi, waridi huchafuka na kuelekea zambarau, na kingo za petali hutiririka. Hata moto ukiwa sawa kuna tatizo jingine: enameli na glezi zikipoa hazisinyai kwa kiasi kimoja. Pale rangi ilipopakwa nene, hasa buluu na kijani, baada ya miaka utaona nyufa kama za matope yaliyokauka, au kipande kimeruka na kuacha alama ya umbo lake juu ya weupe.

Majina yanayochanganya watu

Kwenye katalogi za mnada utakutana na maneno mawili ya Kifaransa, famille verte na famille rose, familia ya kijani na familia ya waridi. Yalianzishwa karne ya 19 na Albert Jacquemart, Mfaransa aliyepanga kauri kwa rangi inayotawala. Yanasaidia kupanga kabati. Yanapotosha pale mtu anapodhani kwamba vasi yenye kijani kingi ni lazima iwe ya familia ya kijani. Kinachotenganisha familia hizo ni aina ya enameli, na vasi ya waridi inaweza kuwa na kijani tele.

Wachina wana majina yanayoeleza zaidi. Ile ya kijani huiita yingcai, rangi ngumu: enameli zinazopenya mwanga, zimejazwa bapa ndani ya mistari myeusi au myekundu, bila kukoza na kufifisha. Kilele chake ni enzi ya Kangxi, 1662 hadi 1722. Ile ya waridi huitwa ruancai, rangi laini, au fencai, rangi za unga, kwa sababu enameli zake ni nzito kama maziwa na huweza kuchanganywa. Yangcai maana yake rangi za kigeni, jina lililotumika karne ya 18 kwa kazi ya Jingdezhen iliyofuata mtindo wa Ulaya. Falangcai ni jina la vyombo vichache mno vilivyochorwa ndani ya karakana za ikulu Beijing. Kuna pia wucai, rangi tano, na doucai, ambapo mistari ya maua ni ya buluu chini ya glezi na enameli hujazwa juu yake. Doucai ilipata sifa enzi ya Chenghua, 1465 hadi 1487, na haikufa. Watawala wa Qing waliirudia kwa bidii.

Mpaka kati ya fencai na yangcai wataalamu wenyewe wanabishana, na msomaji wa kawaida hapotezi kitu akiuacha. Mpaka kati ya ngumu na laini ndio wenye faida, kwa kuwa unabeba tarehe.

Petali moja chini ya kioo cha kukuza

Chukua kioo cha kukuza mara 10 ukisogeze kwenye petali ya peoni ya vasi nzuri ya Yongzheng, aliyetawala 1723 hadi 1735. Mchoraji aliweka kwanza tabaka la enameli nyeupe, nene kama utando wa uji uliopoa. Weupe wake unatokana na aseniki: ikikutana na risasi ndani ya kioo kilichoyeyuka huzaa fuwele ndogo zinazotawanya mwanga. Juu ya weupe huo akatia waridi kwenye ukingo mmoja, kisha kwa brashi yenye mafuta akaivuta kuelekea katikati mpaka ikafifia. Hutaona mahali waridi inapoishia. Vishipa vya petali vimekuja mwisho, kwa waridi iliyokolea, vyembamba kuliko unywele. Iinamishe vasi kidogo kwenye mwanga wa dirisha: petali imesimama juu ya glezi, na kidole kinaupata ukingo wake kabla jicho halijauona.

Waridi hiyo ni dhahabu. Chembe za dhahabu ndogo kupita kiasi, chini ya asilimia 1 ya enameli, zikitawanyika ndani ya kioo hutoa rangi ya zambarau hadi waridi. Ulaya iliijua njia hiyo karne ya 17, na kitabu cha 1685 chenye jina la Andreas Cassius ndicho kilichoipa umaarufu. Kwenye kauri ya China waridi hii inaonekana miaka ya mwisho ya Kangxi, na inaenea miaka ya 1720. Kabla ya hapo wekundu wa juu ya glezi ulikuwa wa kutu ya chuma, wenye kuelekea rangi ya machungwa, mwembamba na usioinuka. Kwa hiyo ukionyeshwa vasi yenye waridi ya dhahabu na herufi za enzi ya Ming, iliyoanguka 1644, huna haja ya kuuliza bei.

Manjano nayo ina ushuhuda wake. Ya yingcai hutokana na chuma, inapenya mwanga kama asali; ya fencai hutumia risasi na bati, ni nzito kama kiini cha yai. Kijani cha pande zote mbili ni cha shaba. Nyeusi ya mistari na dhahabu ya kupaka juu hazina kioo cha kutosha cha kuzishika, ndiyo sababu wachoraji wa Kangxi walifunika nyeusi kwa kijani chepesi, na ndiyo sababu dhahabu ya mdomo wa vasi hufutika kabla ya kitu kingine chochote.

Chombo kimoja, miji miwili

Jambo jingine linalofumba ni mahali. Vasi nyingi zina miji miwili: mwili umefinyangwa na kuchomwa Jingdezhen, maua yamechorwa kwingine. Kwa falangcai, vyombo vyeupe vilisafirishwa hadi Beijing na kuchorwa ikuluni. Kangxi alivutiwa mno na enameli za Ulaya hata akawaamuru wachoraji wamishenari waifanye kazi hiyo. Mmoja wao, Mwitaliano Matteo Ripa, aliandika kwamba yeye na Giuseppe Castiglione mwaka 1716 walichora vibaya kwa makusudi ili waachiwe, wakaachiwa. Vyombo vya karakana hiyo vilivyosalia vingi viko Jumba la Makumbusho ya Ikulu la Taipei. Vingine vichache, vya mkusanyiko wa Percival David, viko British Museum, London, chumba namba 95.

Jingdezhen yenyewe ilipata bahati ya kusimamiwa na Tang Ying, ofisa wa ikulu aliyefika huko 1728. Maelezo yake ya 1743 juu ya picha 20 za utengenezaji wa kauri yanataja vimiminika vitatu vya kuchanganyia enameli: mafuta, gundi na maji. Mafuta ni ya kuvuta rangi na kuifanya ififie, gundi ni ya kupaka kwa kusugua, maji ni ya kurundika rangi iinuke. Ukilijua hilo unaweza kuiangalia petali na kukisia kilichokuwa kwenye kikombe cha mchoraji. Padri Mfaransa d'Entrecolles, aliyeandika barua kutoka mjini humo mwaka 1712 na 1722, anasema chombo kimoja hupitia mikono ya watu 70. Mmoja kazi yake ni kuchora mstari, mwingine ni kujaza rangi.

Mji wa tatu ni Guangzhou, uleule wanakofunga mizigo wafanyabiashara wa Kariakoo na Eastleigh. Kuanzia 1757 hadi 1842 ndiyo ilikuwa bandari pekee iliyoruhusiwa kwa meli za Ulaya, na karakana zake zilipokea vyombo vyeupe kutoka Jingdezhen na kuvichora kwa haraka kulingana na oda. Vasi za Guangzhou za karne ya 19 hutambulika mapema: vyumba vya watu na vyumba vya peoni, ndege na vipepeo vinapokezana, na kila nafasi iliyobaki imejazwa majani na dhahabu. Ni nzuri, zipo nyingi, na bei yake ni sehemu ndogo ya ile ya vyombo vya ikulu. Anayekuuzia chombo cha Guangzhou kwa hadithi ya ikulu anakuuzia hadithi.

Maua yenyewe hayakuchaguliwa ovyo. Peoni ni utajiri na heshima, yungiyungi ni usafi, ua la mplamu ni ustahimilivu kwa kuwa huchanua baridi ikingalipo, krisanthemu ni vuli na maisha marefu. Mengine ni mafumbo ya sauti: jina la ua hutamkwa kama neno la heri. Magnolia, tufaha-mwitu na peoni vikikaa pamoja husomwa yutang fugui, utajiri na heshima katika ukumbi wa jiwe la jade. Ndiyo maana maua ya misimu minne hukutana kwenye tawi moja bila mtu kushangaa. Vasi inasomwa kama dua. Mtindo wa maua elfu wa enzi ya Qianlong ulifika mwisho wa njia hiyo: weupe wote umefunikwa, hakuna pa kuweka kidole.

Muhuri, na kwa nini usiuamini peke yake

Mwaka 1677 ofisa wa Jingdezhen alipiga marufuku kuandika jina la mfalme kwenye vyombo, asije akafedheheka kipande kikivunjika na kutupwa. Ndiyo sababu vyombo vingi halisi vya Kangxi vina duara mbili tupu, jani, au hakuna kitu. Papo hapo mafundi waliandika majina ya wafalme wa Ming, mara nyingi kwa heshima ya mabwana wa zamani tu. Mwisho wa karne ya 19, enzi ya Guangxu, 1875 hadi 1908, kazi za Kangxi na Qianlong ziliigwa kwa wingi na kwa ustadi. Kipindi cha Jamhuri, 1912 hadi 1949, kilitoa fencai laini sana, nyingi zikiwa na muhuri wa Qianlong.

Muhuri bado una manufaa ukiulizwa maswali madogo. Enzi za Kangxi na Yongzheng zilipendelea mwandiko wa kawaida. Qianlong alipendelea mwandiko wa mihuri, wenye pembe mraba. Vasi za ikulu za Qianlong na warithi wake mara nyingi zimepakwa feruzi ndani na kitakoni, zikabakizwa mraba mweupe wa kuandikia. Neno CHINA kwa herufi za Kilatini linaelekeza baada ya sheria ya ushuru ya Marekani ya 1890, iliyotaka bidhaa ziandikwe nchi zilikotoka. Ila kutokuwepo kwa neno hilo hakuthibitishi kitu. Si kila chombo kilikwenda Marekani, na herufi hukwanguka.

Kukagua kwa mkono na jicho

Tandika taulo nene mezani, vua pete na saa. Usiinue vasi kwa shingo wala kwa masikio. Mkono mmoja kitakoni, mwingine tumboni. Shingo za vasi nyingi zilifinyangwa mbali na kuunganishwa kwa tope la kauri, na kiungo hicho ndicho hupasuka.

Ingiza mkono ndani kama mdomo unaruhusu. Vasi kubwa ya zamani ilijengwa kwa vipande viwili au vitatu, na utahisi pete ya maungio tumboni au begani. Ukuta laini wenye unene uleule toka juu hadi chini unaashiria kumiminwa kwenye kalibu ya plasta, kazi ya karne ya 20 na kuendelea. Kuwepo kwa pete hakukuhakikishii ukale, maana waigaji wazuri wanafinyanga kwa mkono hadi leo.

Halafu ukingo wa kitako, mahali pasipo na glezi. Uwe umesuguliwa ukawa laini, na uchafu wake uwe umeingia bila mpangilio. Kitako kilichopakwa hudhurungi sawasawa kama chai kimepakwa kweli. Angalia mikwaruzo ya glezi: ya miaka 200 ni ya kila upande, mirefu na mifupi, mingi pale vasi inapotokeza. Ya msasa hukimbia upande mmoja. Glezi iliyofifia kote, hata ndani ya mikunjo isiyofikiwa na mkono, imeoshwa kwa asidi.

Rudi kwenye maua na uinamishe vasi mpaka mwanga uteleze. Kuzunguka enameli za zamani, hasa buluu na kijani, mara nyingi kuna ukungu wa rangi za upinde wa mvua juu ya glezi nyeupe. Ni dalili nzuri, ingawa siku hizi nayo inaigwa. Chini ya kioo cha kukuza, vitone vilivyopangwa kama vya gazeti ni stika iliyochomwa. Hapo unaweza kukunja taulo.

Udanganyifu unaoniudhi kuliko yote ni wa chombo cheupe cha zamani kilichochorwa upya. Mwili ni wa kweli, kitako ni cha kweli, pengine hata muhuri. Maua ni ya jana. Chombo cha kale kikichomwa tena, unyevu na uchafu ulioingia kwenye vishimo vya glezi hutoka kama madoa meusi na viputo. Tafuta pia mkwaruzo wa zamani unaopita chini ya petali: kama enameli imeujaza, petali ilikuja baadaye. Kipimo cha thamoluminesensi, kinachokadiria lini udongo ulichomwa mara ya mwisho, si cha kutegemea hapa, kwani hakisomi rangi yenyewe. Tena kinahitaji kutoboa na kuchukua sampuli, na makosa yake hufikia moja ya tano ya umri. Bora mashine ya miali ya eksirei, ambayo husoma madini ya enameli bila kukwaruza. Kitu cha kuulizia ni kromi. Mkemia Mfaransa Louis Nicolas Vauquelin aliigundua 1797, Qianlong akiwa amekwisha kuachia kiti. Kijani chenye kromi kwenye vasi yenye muhuri wake kinamaliza mazungumzo.

Ukarabati hauna dhambi ukitangazwa. Usipotangazwa, zima taa na uwashe tochi ya urujuanimno: gundi na rangi nyingi za kukarabatia hung'aa tofauti na glezi. Mdomo na shingo ndiko pa kuanzia. Gonga kwa ukucha. Sauti butu inaashiria ufa, hata ule mwembamba usioonekana.

Usitie maji na maua mabichi. Maji huacha chokaa ndani na kupenya nyufa. Ukitaka maua, weka bomba la kioo ndani kwanza. Usiviweke vyombo vya aina hii mezani kwa chakula: ndimu na siki hung'oa risasi kutoka kwenye enameli. Kuosha ni maji ya vuguvugu, tone la sabuni isiyo kali na pamba, ukiiruka dhahabu. Klorini isikaribie.

Na kabla ya kuondoka, angalia katikati ya kitako kama kuna tundu. Nyumba za Ulaya na Marekani zilizigeuza vasi nyingi kuwa vinara vya taa za umeme, zikazitoboa ili waya upite, na tundu hilo hula sehemu kubwa ya bei. Zingine zilinusurika. Vasi ya fencai ya Yongzheng yenye umbo la zeituni, iliyochorwa matawi ya mpichi na matunda yake, ilitumika kama kinara cha taa katika nyumba moja ya Marekani. Mwaka 2002 iliuzwa mnadani Hong Kong kwa dola za Hong Kong milioni 41.5, na sasa iko Jumba la Makumbusho la Shanghai.